Ada ya Hitimu

Rahima alikataa kushika msahafu. Alikaa juu ya mkeka, miguu kaikunja vizuri kama alivyofunzwa, ushungi kaufunga, lakini mikono yake aliificha mapajani na kijiti cha kufuatia herufi kilikuwa kimelala chini. Bi Hindu, mwalimu wake, alidhani ni uvivu wa asubuhi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ana uvivu wake, na Baqara ni sura inayochosha hata watu wazima.

"Soma, mwanangu. Yana tuliachia wapi?"

"Siwezi, Mwalimu."

"Huwezi nini? Umemeza ulimi?"

Rahima aliinama, akanong'ona, kisha akatazama mlangoni. Bi Hindu alimwambia arudie. Akarudia. Basi mwalimu akaufunika msahafu taratibu, akaubusu, akaurudisha kidakani mwake ukutani, akakaa tena pale pale. Msichana alikuwa amevunja ungo.

Kwa desturi ya mji wa Amu hili si jambo la kunong'ona hata kidogo. Ni jambo la vigelegele. Msichana huambiwa tangu mdogo: siku ukiona damu, usimwambie mamako, mwambie somo yako, mwanamke aliyechaguliwa akufunde, na somo ndiye atakayepeleka habari kwa wakubwa. Rahima alikuwa na somo, Bi Barka wa mtaa wa pili, mama mwenye mdomo usiokaa na kitu. Lakini hakwenda kwa Bi Barka. Alijua fika kwamba habari ikimfika Bi Barka asubuhi, haitachelewa kuvuka maji hadi Kizingitini kwa Bwana Abdulghafur, mwanamume wa makamo aliyemposa akakubali kungoja akue. Sasa amekua, masikini.

"Usimwambie mtu, Mwalimu. Nakushika miguu."

Na kweli aliishika. Bi Hindu alikuwa mcha Mungu, na mcha Mungu angemwambia pale pale: mwanangu, haya hayafichwi. Lakini alikuwa pia mama wa mtoto aliye Barawa, katika nti ya Wataliani, na asubuhi ile mama alimshinda mwalimu.

Mwalimu wa nyumbani hana mshahara. Hula, hulala, na siku ya Idi hupewa leso. Malipo yake yako mwisho: siku mwana anapohitimu hupambwa, husomeshwa mbele ya watu, na wazazi humtolea mwalimu ada yake. Bi Hindu aliahidiwa nguo, na zaidi ya nguo aliahidiwa nauli ya kwenda kwao kumchukua binti yake Esha, aliyeachwa kwa ami yake siku Bi Hindu na mumewe waliposafiri kuja Amu kwa msimu mmoja tu. Msimu mmoja! Mume alizikwa Amu kwa homa, na mjane akabaki kusomesha watoto wa wenzake. Rahima alianzia sura fupi za mwisho wa msahafu, akapanda nazo mwaka hadi mwaka, hata ikabaki Baqara peke yake. Na mwari akishavunja ungo hutiwa ndani, chuo kimekwisha. Asipohitimu, mwalimu huambiwa Mungu atakulipa.

Tena Famau alikuwa amekuja mwezi ule ule. Famau ni baharia wa chombo kinachokwenda Barawa na kurudi, na kila akirudi husimama dakani, ukumbi wa mlangoni, amwite Bi Hindu ampe salamu.

"Mwanao mzima," alimwambia. "Mrefu. Nimemkuta yuko kwenye jiwe la kusagia, mikono yote sugu. Aliniuliza, hiyo Amu ni mbali sana?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia si mbali."

"Chuoni yuwaenda?"

Famau alikuna shingo. "Siyui, Bi Hindu. Mimi nilimuona kwenye jiwe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwake wakati Rahima amemshika miguu. Alimwinua, akamfuta machozi kwa ncha ya leso.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi iwe mimi tu. Nguo zako utanipa mimi nizifue na zangu. Ukiitwa kusali sema umeshasali chumbani. Ukitahirika nitakufunza kuoga josho, kisha tutasoma asubuhi na jioni, tuimalize."

"Na watu wakiuliza mbona hatusomi?"

"Nitasema ni mimi niliye katika siku zangu. Mwalimu akiwa hivyo, chuo hufungwa. Nani atauliza?"

Rahima akacheka huku analia. Alidhani ameokolewa, na Bi Hindu akamwacha adhani hivyo.

*

Nyumba ya Bwana Abdulkadir, babake Rahima, ilikuwa nyumba ya mawe ya orofa mbili, ukuta mzima vidaka vya chokaa na ndani yake mabakuli ya Kichina ambayo hayakukoma kupungua. Tangu serikali itangaze kuwa utumwa umekwisha, watu wa shamba lake la bara walijiondokea, na mtama ukamezwa na kichaka. Waliokuwa wakipika na kuteka maji nao walichukua mikeka yao wakaenda zao. Bwana Abdulghafur alikuwa ameahidi kwamba akishaoa atalishika lile shamba na kulitafutia watu. Kwa hiyo harusi ya Rahima ilikuwa ni chakula cha nyumba nzima, na hakuna aliyeona haya kusema hivyo.

Ndivyo na Bi Hindu alivyoteremka. Kwanza alilala orofani pamoja na wanawake wa nyumba. Kisha akaambiwa chumba cha chini kina baridi nzuri, kumbe ni kile walichokuwa wakilala wajakazi. Kisha ikawa, Mwalimu, ukimaliza kusomesha tukunie nazi mbili. Kisha nazi zikawa zake zote. Zamani akila sinia moja na wenye nyumba. Sasa chakula chake humkuta jikoni. Hakuna aliyemwamrisha. Walimwomba, tena kwa adabu, na yeye hakujua aanzie wapi kukataa.

Adhuhuri ile wanawake walitandika misala. Bi Hadia, mama yake Bwana Abdulkadir na mkuu wa nyumba hiyo kwa upande wa ndani, aligeuka akamtafuta kwa mato.

"Mwalimu, twakungoya."

"Salini, Bi Mkubwa. Mimi sina sala."

Bi Hadia alikuwa ameshainua mikono kufunga sala. Akaiteremsha. "Huna sala?"

"Nimo katika siku zangu."

"Haya," alisema Bi Hadia, akasali. Mungu peke yake ndiye ajuaye kama moyo wake ulikuwamo kwenye sala ile.

Lo, Bi Hindu! Wiki iliyopita tu kulikuwa na matanga nyumba ya jirani. Wanawake wamejaa ukumbi mzima, Bi Hadia kwa fahari zake akasema mwalimu wetu atasoma Yasini, na Bi Hindu akamwinamia sikioni kumwambia hawezi, yumo katika siku zake. Ilibidi kuitwa msomaji wa nyumba nyingine. Bi Hadia aliona haya mbele ya mtaa, na haya za Bi Hadia hazisahauliki upesi. Bi Hindu mwenyewe alikumbuka matanga yale alipokuwa tayari amesema uongo wake, jikoni, mkono uko kwenye nazi. Kisha akajipa moyo kwamba wenzake wana mambo yao, hawana kazi ya kuweka hesabu za mwili wake. Hapo ndipo alipokosea. Wanawake wanaoishi nyumba moja hujuana siku zao kama wanavyojua maji yaliyobaki kwenye birika.

*

Rahima alimfuata jikoni, akachuchumaa karibu na mbuzi ya kukunia nazi. Siku zile mbili tatu alikuwa na furaha kama ya mtoto aliyepona surua.

"Mwalimu, tukianza tena tusome polepole."

"Tutasoma upesi, mwanangu."

"Kwa nini upesi? Nikihitimu watanioza. Tusome aya moya moya. Baqara ni ndefu, yaweza kuchukua mwaka."

Bi Hindu aliendelea kukuna. Angesema nini? Kwamba mwaka mmoja wa Rahima ni mwaka mmoja wa Esha kwenye jiwe? Kwamba mwezi ujao hawezi kusema uongo ule ule tena? Alimwambia tu, "Kasome moyoni uliyoyahifadhi," kisha akakumbuka kuwa hata hilo msichana hafai kulifanya sasa, akaona haya mwenyewe.

"Wewe ndiye mtu wangu," Rahima akasema, akaondoka.

Alasiri Bi Mwanamkisi, mamake Rahima, alimwita kiwandani, ua wa ndani ya nyumba. Alikuwa amesimama, na Bi Hadia amekaa kitini nyuma yake, tasbihi mkononi. Bi Mwanamkisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke aliyezoea nyumba kubwa na sasa hulala akiwaza kesho watakula nini, na mawazo kama hayo humtoa mtu adabu.

"Mwalimu, nakuuliza mbele ya mama. Ni ya nani?"

"Ya nani nini, Bi Mwanamkisi?"

"Mimba uliyoiharibu nyumbani mwangu."

"Wiki iliyopita ulikuwa nazo siku zako, mtaa wote ni shahidi," alisema Bi Hadia bila ya kuinua sauti. "Ukatahirika, ukasali nasi. Sasa unazo tena. Siku gani hizo, mwanangu, zirudizo kabla ya mwezi kuandama? Mimi nimezaa tisa. Nayua damu ya mwezi na nayua damu nyingine."

"Na chumba chako kiko ubavuni mwa daka," Bi Mwanamkisi akadakia. "Daka anapokaa mume wangu na wageni wake. Ni ya wageni, au ni yake yeye?"

"Astaghfirullah! Bi Mwanamkisi, ogopa Mungu. Sijaguswa tangu mume wangu afe."

"Basi apa."

"Wallahi..."

"Si kwa mdomo. Mdomo hauna kazi," alisema Bi Hadia. "Ushike msahafu uape."

Fikiria mtego huo. Mwanamke aliye katika siku zake haugusi msahafu. Akiukataa, ataambiwa ameogopa kuapa, na habari ya mjane mgeni aliyezini nyumbani kwa watu itafika Barawa kabla yake. Ami yake Esha atamsimulia mtoto. Akiushika, atakuwa amekiri kuwa hana siku zozote, na ataulizwa kwa nini alidanganya. Alitazama juu. Rahima alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkono ukutani, akimtikisia kichwa: usiseme.

Bi Hindu alipanda hadi ukumbini, akampita msichana bila ya kumgusa, akauchukua msahafu kutoka kidakani akashuka nao kifuani. Bi Mwanamkisi alipiga ukelele akajifunika uso.

"Mimi ni tahiri," alisema Bi Hindu. "Naapa kwa maneno haya ya Mungu, sikuzini wala sikubeba mimba, na wala sina siku zangu."

"Basi uliacha sala za Mungu kwa nini, mwanamke we?" aliuliza Bi Hadia.

Pengine alitumaini neno jingine lije mdomoni, lakini halikuja. "Aliye katika siku zake si mimi," akasema. "Ni Rahima."

Wanawake wale wawili waliinua nyuso zao ngazini kwa pamoja. Rahima hakukimbia. Alikaa pale pale alipokuwa, akajifunika kichwa kwa ushungi wake mzima, na kilio kikasikika chini ya nguo. Kisha Bi Hadia, bibi mwenye meno machache, aliinuka kitini akapiga kigelegele. Akapiga cha pili. Bi Mwanamkisi akaangua kilio na kicheko pamoja, akapokea. Majirani wa upande wa pili walisikia, nao wakajibu juu ya ukuta bila ya kujua wanashangilia nini. Ugomvi wote ulisahauliwa papo hapo. Mtu alitumwa kwa Bi Barka mbio, mwingine kutafuta udi na waridi, na Bi Hindu akabaki amesimama katikati ya kiwanda na msahafu kifuani, hakuna anayemwambia aketi wala aondoke.

*

Waliyajua yote baadaye, kwa sababu Rahima aliulizwa akajibu. Bi Barka alikuja juu: mwari wake kafichwa, nguo zake zimefuliwa na mgeni, haki yake ya usomo imeliwa! Bi Hadia alisema maneno machache tu, nayo yalikaa. "Huyu hakumhurumia mwana. Aliihurumia ada yake." Na ilikuwa kweli. Bi Hindu alizilipa chumbani mwake sala alizoziacha, akaendelea na nazi.

Rahima alitiwa ndani. Bi Hindu alipeleka sinia la chakula juu, akalisukuma mlangoni, akaita jina lake. Msichana aligeukia ukuta. "Mwalimu, niondokee," alisema, na hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma.

Siku Bi Barka alipompa mwari josho lake, Bi Hindu alikwenda kwa Bi Mwanamkisi.

"Ametahirika sasa. Kabla ya harusi kuna nafasi. Nimsomeshe humo humo ndani, amalize Baqara. Siombi atoke."

"Mwari ana mafunzo yake sasa. Ya chuo yamekwisha."

"Zimebaki kurasa chache, Bi Mwanamkisi. Nimemsomesha tangu hajui alifu."

"Nayua. Mungu atakulipa."

Alijua neno hilo litakuja. Akauliza la mwisho, kwa sauti ndogo, kama ada haiwezi kutolewa nusu. Bi Mwanamkisi akamtazama kama aliyemuomba mume wake.

"Ada ya hitimu hutolewa kwa hitimu, Mwalimu. Sikuianzisha mimi."

Baada ya sala ya Ijumaa Bwana Abdulkadir mwenyewe aliongea naye, yeye nyuma ya pazia la ukumbi, Bi Hindu upande wa pili. Alikuwa na sauti ya upole. Tangu harusi ikaribie alikuwa mpole kwa kila mtu.

"Mwalimu, hatukufukuzi. Kosa lipo, nasi tumesamehe. Mtu mwenye elimu hafukuzwi. Utakaa, na Mungu akituruzuku watoto wengine utasomesha."

"Ahsante, Bwana."

"Na mwanao tumemfikiria."

Bi Hindu alisogea karibu na pazia hata akahisi harufu ya kitambaa.

"Rahima yuwaenda Kizingitini kwa mumewe, nyumba ngeni, na sisi hatuna wa kumfuatisha. Wajakazi wote serikali imewafungulia ndia. Famau yuwasafiri. Nitampa nauli amlete mwanao kaskazi ikianza, kisha apelekwe Kizingitini akae na Rahima. Amtekee mai, amsukie nywele, amliwaze. Si bora kuliko kusaga mtama kwa ami?"

Nauli ilikuwepo, basi. Ndilo jambo la kwanza aliloliwaza, na liliwaka kifuani kama pilipili. Nauli haikukosekana nyumba hii hata siku moja.

"Esha si mjakazi, Bwana Abdulkadir. Babake alikuwa mtu wa ukoo. Mimi mwenyewe..."

"Nani kasema mjakazi? Nimesema mwenzake."

"Atasoma?"

"Kazi zikimalizika, nani atamzuia?"

Bi Hindu alimtafuta moyoni mtu aliyewahi kumaliza kazi za nyumba. Hakuwahi kumwona. Aliomba afikirie. Alifikiria alipokuwa akiosha vyombo vya wageni waliokuja kupanga harusi, akafikiria alipokuwa akitandua mikeka, na kila alipofikiria alimwona mtoto kwenye jiwe, miaka inapita, anauliza mabaharia kama Amu ni mbali. Asipokubali hamwoni tena. Akikubali atamwona siku chombo kitakapofunga gati, pengine na siku ya pili yake. Jioni alimtuma mtu kwa Bwana Abdulkadir na neno moja, naam.

*

Famau alikuja kuaga. Alisimama dakani, kofia mkononi, na safari hii hakuwa na haraka ya kusema.

"Nauli ya mwana nimepewa," alisema. "Yako sikupewa."

"Nayua."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mamake anamwita."

"Mwana yule huuliza sana, Bi Hindu. Ataniuliza atakaa wapi."

"Mwambie Amu."

"Na Kizingitini?"

"Usimtajie Kizingitini. Asije akakataa kupanda chomboni."

Famau aliigeuza kofia yake mikononi. Alikuwa na mabinti wawili mwenyewe. "Na akifika hapa, akajua nimemdanganya?"

"Hatakuwa na nauli ya kurudi," alisema Bi Hindu.

Ndani waliita, "Mwalimu, nazi!" Akasema labeka, akaingia.